Kadi mbili bei moja, gemu lilelile, fremu tofauti: tumlaumu nani?

Kuna ubishi usioisha wakikutana watu wa magemu ya PC. Huyu ana kadi ya michoro ya GeForce ya Nvidia, yule ana Radeon ya AMD, bei zimekaribiana, gemu lilelile na setingi zilezile, mmoja anapata fremu 90 kwa sekunde mwenzake anajikongoja na 70, alafu wanahamia gemu jingine na aliyekuwa nyuma anatangulia. Hapo zinazuka kambi mbili. Ya kwanza inasema chuma ni chuma, kadi iliyotengenezwa vizuri inashinda, aliyeshindwa akubali yaishe. Ya pili inasema chuma gani bwana, kampuni ya kadi inakaa mezani na watengeneza gemu, hela inapita, gemu linatoka limeegemea upande mmoja na wewe mwenye chapa nyingine unaumia. Mimi naona zote mbili zina hoja, ila kinachoamua mara nyingi ni kitu ambacho hakina mvuto wa kubishania: draiva, yaani programu inayounganisha gemu na kadi, na prosesa uliyonayo kwenye hiyo mashine yako.

Tuwape nafasi watu wa chuma kwanza maana ndo wenye namba. Septemba 2020 Nvidia walitoa RTX 3080 kwa dola 699, Novemba AMD wakajibu na RX 6800 XT kwa dola 649. Ukisoma boksi unaona mechi imeisha kabla haijaanza: 3080 ina kori (vitengo vidogo vya kupiga hesabu) 8,704, 6800 XT ina 4,608. Teraflopu, yaani trilioni za hesabu za desimali kwa sekunde, ni 29.8 dhidi ya 20.7. Memori ya 3080 inapitisha gigabaiti 760 kwa sekunde, ya AMD 512. Kwa hesabu hizo Nvidia alitakiwa ashinde kwa zaidi ya asilimia 40 kila mahali, lakini kwenye magemu ya kawaida yasiyowasha rei tresingi (mbinu ya kuchora picha kwa kufuata miale ya mwanga) zikawa zinapishana pua na mdomo, leo huyu kesho yule.

Imekuwaje? Kwanza hizo kori za Nvidia zimehesabiwa kijanja kidogo. Kwenye kizazi cha Turing cha 2018 ndani ya kila bloku kulikuwa na safu ya kufanya hesabu za desimali na pembeni yake safu ya namba kamili. Kizazi kilichofuata, Ampere, ile safu ya namba kamili ikapewa uwezo wa kufanya na desimali pia, kwa hiyo kwenye karatasi kori zikafanana na zilizozidishwa mara mbili, ndo maana RTX 2080 Ti ambayo ilikuwa kadi ya kifahari ina 4,352 tu. Sio uongo, kori zipo kweli, shida ni kwamba gemu halifanyi desimali muda wote. Nvidia wenyewe wakati wanaitambulisha Turing waliandika kuwa kwa kila maagizo 100 ya desimali kuna kama 36 ya namba kamili, na kila hayo 36 yanapofika ile safu ya pamoja inaacha desimali na kwenda kuyashughulikia. Teraflopu 29.8 zinapatikana siku ambayo gemu halina namba kamili hata moja, na hiyo siku haipo.

AMD wao walikuwa na kori chache lakini wakazikimbiza, spidi ya juu ya 6800 XT ni megahezi 2,250 wakati ya 3080 ni 1,710, alafu wakaweka memori ya karibu ndani ya chipu yenyewe, Infinity Cache, megabaiti 128. Kashe, yaani hiyo memori ya karibu, ya ngazi ya pili kwenye 3080 ni megabaiti 5. Kwa hiyo kwenye skrini za 1080p na 1440p, zenye pikseli chache kuliko 4K, vitu vingi ambavyo chipu inavihitaji inavikuta palepale ndani, haina haja ya kutoka nje kwenda kwenye memori, ule wembamba wa 512 hauusikii. Panda sasa mpaka 4K ambako pikseli ni mara 2.25 ya zile za 1440p, kashe inaelemewa, safari za nje zinaongezeka, na hapohapo kori nyingi za Nvidia zinapata kazi ya kuzijaza, 3080 inaanza kuchomoka. Yaani watu wawili wanaobishana usiku kucha, mmoja ana skrini ya 1440p mwingine ya 4K, wote wawili wanasema kweli na hakuna anayemwamini mwenzake.

Rei tresingi ndo sehemu ambayo kambi ya chuma inashinda bila mjadala. Ili kujua mwale wa mwanga umegonga nini, kadi inapita kwenye mti wa maboksi, boksi kubwa ndani yake dogo mpaka ifike kwenye pembetatu iliyogongwa. Nvidia tangu RTX 20 za 2018 wana kifaa maalum kinachofanya safari yote hiyo, kutembea kwenye mti na kupima kama umegonga. AMD kwenye RX 6000 waliweka kifaa kinachopima tu, lile zoezi la kutembea toka boksi hili kwenda lile wakawaachia kori za kawaida, zilezile ambazo zinatakiwa pia zipake rangi na kupiga hesabu za vivuli. Ndo maana Cyberpunk 2077 ikiwashwa rei tresingi zote, 6800 XT inaachwa mbali sana na 3080 ambayo dakika moja iliyopita walikuwa sawa. Hapo hakuna cha draiva wala njama. AMD wenyewe walikiri kwa vitendo, RX 9070 XT ya Machi 2025 imeongezewa nguvu upande huo kwa kiasi kinachoonekana hata bila kutafuta kwa tochi.

Sasa kama chuma ndo jibu lote, utanielezaje hili: Julai 2022 AMD walitoa draiva mpya, 22.7.1, na watu wenye kadi zilezile kwenye mashine zilezile wakaamka wanakuta magemu ya OpenGL (njia ya gemu kuongea na kadi, kama DirectX) yamepanda vibaya mno, AMD wakatangaza hadi asilimia 92 kwenye Minecraft. Hakuna aliyebadilisha hata skrubu. Ina maana kwa miaka yote hiyo nguvu ilikuwepo ndani ya kadi, imekaa tu, draiva ilikuwa haiwezi kuifikisha kwenye gemu. Intel nao vivyo hivyo, walipoingia sokoni na Arc A750 na A770 Oktoba 2022, magemu ya DirectX 9 yalikuwa yanapitishwa kwenye tabaka la kutafsiri kwenda DirectX 12, na kadi ambayo inaendesha gemu jipya bila jasho ikawa inahangaika na Counter-Strike. Desemba mwaka huohuo draiva mpya ikabadilisha namna ya kutafsiri na fremu zikaruka.

Kazi ya draiva watu wengi hawaijui vizuri. Gemu haliongei na kadi moja kwa moja, linaongea na DirectX au Vulkan, draiva inachukua maagizo inayageuza kuwa lugha ya chipu husika, na lugha ya GeForce siyo ya Radeon. Sheda, vile viprogramu vya kukokotoa mwanga na rangi ya kila pikseli, zinakuja kwenye gemu zikiwa hazijaiva, kompaila iliyo ndani ya draiva ndo inaziivisha. Kompaila nzuri inajua wapi pa kupanga maagizo ili kori zisikae bure, mbaya inakuachia kori zinasubiri. Na kazi hii ya kugeuza maagizo inafanyika kwenye CPU, yaani prosesa, sio kwenye GPU, chipu ya kadi, hilo likumbuke tutalirudia.

Enzi za DirectX 11 Nvidia alikuwa bingwa kwa sababu draiva yao iliweza kugawa hiyo kazi kwenye kori kadhaa za prosesa, ya AMD ilibanana kwenye kori moja. AMD ndo maana 2013 wakaja na Mantle, njia yao mbadala ya DirectX, wakisema turuhusuni watengeneza gemu wapange kazi wenyewe, draiva ipungue unene. Aprili 2014 Nvidia wakajibu kwa draiva ya 337.50 ambayo ilizidi kukamua DirectX 11, na hapo kila upande ulionyesha imani yake: AMD hana mainjinia wa kutosha wa kukarabati draiva kwa kila gemu linalotoka kwa hiyo anataka kazi ihamie kwa mtengeneza gemu, Nvidia anao, anataka kazi ibaki kwake. Mantle ikazaa Vulkan mwaka 2016, na DirectX 12 ya 2015 ikafuata njia hiyohiyo.

Doom ilipopata Vulkan Julai 2016, mashabiki wa Radeon walicheza ngoma mtaani maana fremu zilipanda ajabu na Nvidia wakapanda kidogo tu. Ukiangalia kwa utulivu, sehemu ya huo upandaji ni kweli, id Software walitumia njia za mkato za chipu ya AMD na kuendesha kazi za hesabu sambamba na za picha. Lakini sehemu nyingine ni kwa sababu OpenGL ya AMD ilikuwa mbovu kiasi kwamba ukiitoka tu umepata nafuu. Asilimia zinapanda kirahisi ukianzia shimoni, na hii hesabu watu wanaipenda sana kwenye ubishi, pande zote.

Tuje kwa watu wa njama. Hawa nao msiwacheke, historia iko upande wao zaidi kuliko mashabiki wa chuma wanavyopenda. Mwaka 2001 iligundulika draiva ya Radeon 8500 ya ATI (kampuni iliyomiliki Radeon kabla ya kununuliwa na AMD) inatazama jina la faili la Quake III, ukilibadilisha toka quake kuwa quack fremu zinashuka na picha inakuwa safi zaidi, maana yake draiva ilikuwa inapunguza ubora kimyakimya ili ishinde vipimo. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Nvidia kwenye 3DMark03, programu ya kupima kadi, draiva ilijua kamera ya kipimo itapita wapi ikawa haichori sehemu ambazo kamera haitaziona. Kwa hiyo wote wamewahi kufanya, tusitakasane.

Kesi kubwa zaidi ni The Witcher 3 ya 2015 na HairWorks, nywele za mhusika mkuu Geralt na manyoya ya wanyama kwa teknolojia ya Nvidia. Kila unywele ulikatwakatwa vipande vidogo hadi kiwango cha 64, na chipu za AMD za wakati ule zilikuwa dhaifu kwenye zoezi hilohilo la kukata. Fremu zikaporomoka. Watu wakaingia kwenye setingi za draiva ya AMD wakaweka kikomo cha 16 au 8, fremu zikarudi na nywele zikabaki karibu vilevile kwa macho. Sasa kama 16 inatosha kwa macho, 64 ilikuwa ya nini? Swali halali kabisa. Ila kuna kitu watu wa njama wanakiruka: wenye GeForce za zamani za kizazi cha Kepler nao waliumia, na hao walikuwa wateja wa Nvidia haohao. Kwa hiyo ama Nvidia alimpiga risasi mteja wake makusudi ili anunue kadi mpya, na wapo wanaoamini hivyo, ama mainjinia walipima kwenye kadi mpya waliyokuwa nayo mezani, ikaenda, wakasonga mbele. Mimi nawapa hiyo ya pili, sio kwa sababu kampuni ni wema, ila kwa sababu uzembe unahitaji watu wachache kuliko njama.

Upande wa pili kuna Starfield, Septemba 2023. AMD walitangazwa kuwa mshirika pekee wa PC, gemu likatoka na FSR ya AMD bila DLSS ya Nvidia (zote ni teknolojia za kukuza picha ndogo ili fremu zipande), na RX 7900 XTX ya dola 999 ikawa inaibana na hata kuipita RTX 4090 ya dola 1,599 kwenye 1080p na 1440p, jambo ambalo kwenye magemu mengi halipo kabisa. Arc za Intel ndo usiseme, siku ya kwanza gemu lilikuwa halifunguki. Novemba DLSS ikaingia na apdeti zikaboresha hali ya Nvidia. Hapo mtu akisema kulikuwa na upendeleo sina nguvu ya kumpinga, ila upendeleo wenyewe ni wa aina gani? Sidhani kama kuna mtu aliandika msitari wa kuichelewesha GeForce. Injinia wa AMD akikaa na timu ya gemu mwaka mzima, matatizo ya AMD yanatatuliwa mapema, ya wengine yanasubiri gemu litoke. Saa za mainjinia ndo rushwa yenyewe, kama unataka kuiita hivyo.

Alafu kuna konsoli. Tangu 2013 PS4 na Xbox One, na 2020 PS5 na Xbox Series, zote zina chipu ya michoro ya AMD. Mtengeneza gemu anatumia miaka akinyoosha msimbo wa gemu lake kwenye hivyo vyuma kabla hajagusa toleo la PC, hilo ni zawadi kwa Radeon ambayo AMD hahitaji kulipia kwenye kila gemu. Dhidi yake kuna ukweli kwamba wengi wa wenye PC wana GeForce, kwa hiyo ikifika zamu ya PC, kadi inayopimwa zaidi ni ya Nvidia. Hizi nguvu mbili zinavutana, na kila gemu linaangukia mahali pake kutegemea limetokea konsoli au limezaliwa PC.

Nilisema tutairudia CPU. Machi 2021 chaneli ya Hardware Unboxed walipima kadi kwenye prosesa za zamani za kawaida, na matokeo yaligeuza imani za DirectX 11 juu chini: kwenye baadhi ya magemu ya DirectX 12, Radeon za daraja la chini zilikuwa zinaipita RTX 3070 pale prosesa ilipokuwa dhaifu. Draiva ya Nvidia ilikuwa inakula CPU zaidi. Ni kama pantoni la Kigamboni, uwezo wa kubeba magari upo, ila kama anayekata tiketi ni mmoja na mzito, linaondoka nusu tupu. Kuna maelezo yamesambaa sana eti ni kwa sababu Nvidia tangu Kepler ya 2012 walitoa mpangaji wa kazi kwenye chuma wakamhamishia kwenye programu. Hayo hayakai sawa, ule mpangilio unafanywa na kompaila mara moja sheda inapoivishwa, haurudiwi kwa kila fremu, kwa hiyo hauwezi kuwa ndo unaonyonya prosesa muda wote gemu linaenda.

Intel walilikuta hilohilo kwa ukubwa zaidi. Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 na gigabaiti 12, sifa kila kona, vipimo vimefanywa kwenye prosesa za bei mbaya inaishinda RTX 4060 ya dola 299. Januari watu wakaiweka kwenye Ryzen 5 2600 na hata 5600, ambazo ndo prosesa za mtu anayenunua kadi ya dola 249, na kwenye baadhi ya magemu ikaanguka chini ya 4060. Kuitetea Intel, walisema wazi kadi inataka Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) na prosesa za kuanzia Core kizazi cha 10 au Ryzen 3000, kwa hiyo 2600 haimo kwenye orodha. Lakini 5600 imo.

Na hii ndo inanifanya nisiwaamini kirahisi wanaotoa ushauri kwa kutumia chati za nje. Wanaopima wanaweka prosesa kali kuliko zote ili kadi isibanwe na kitu, ni sahihi kisayansi, wanapima kadi. Lakini kijana wa Dar au Nairobi anayenunua Optiplex, kompyuta ya ofisi ya Dell, iliyotoka ofisini Ulaya, Core i5 kizazi cha 6 au cha 7, anatafuta kadi ya kuchomeka humo, chati ile haimhusu. Kwake tofauti ya chapa inaamuliwa na vitu ambavyo chati haionyeshi kabisa. Arc aisahau, mashine hiyo haina Resizable BAR. RX 6500 XT ya 2022 inaonekana rahisi lakini ina njia nne tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na mazabodi) na gigabaiti 4 za memori, kwenye mazabodi mpya ya PCIe 4.0 inajikaza, kwenye 3.0 ya hiyo Optiplex memori ikijaa inabidi ivute vitu kupitia kijinjia chembamba mara mbili na gemu linaanza kukwama. RX 580 za China nazo angalia zimeandikwa 2048SP au la, jina ni lilelile ila kori ni 2,048 badala ya 2,304, muuzaji hatakwambia.

RX 6600 ndo ningeiangalia kwanza kwa mtu wa namna hiyo, ina njia nane, gigabaiti 8, na draiva ya AMD kwenye DirectX 12 haimtesi sana mwenye prosesa ya kizee. Akiwa mtu wa magemu ya zamani ya DirectX 11 mizani inarudi upande wa GeForce kidogo. Kabla ya yote afungue kava aangalie pawa saplai, maana 6600 inataka waya wa pini 8 na Optiplex nyingi hazina huo waya, na hapo mjadala wote wa chapa unafungwa, anabaki na GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme ambayo inakula wati 75 za kwenye sloti.